Si kila jani la uani ni gugu

Leo naomba tuanze kwa mtihani mdogo. Toka mlangoni mwako uende hadi kituo cha matatu unakopandia kila asubuhi. Bila shaka njiani kuna majani: yaliyoota kando ya mtaro, yaliyopenya kwenye ufa wa ukuta, yanayotambaa juu ya ua wa jirani. Je, waweza kuyataja kwa majina hata matano kati ya hayo? Sisemi kwa Kilatini. Kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kwenu.

Mimi niliufanya mtihani huo Agosti iliyopita nikaanguka vibaya. Tena kuanguka kwangu nusura kumdhuru mtu mwingine, naye si mwingine bali mama aliyenizaa. Ndiyo sababu leo nimeonelea tuzungumze habari za majani.

Boma safi

Kwetu ni Nyakach, Kaunti ya Kisumu, si mbali na Pap Onditi. Ukitoka Nairobi unapitia Nakuru na Kericho, unateremka hadi Ahero penye mashamba ya mpunga, unakata kushoto kwenda Katito, na hapo unaiacha barabara ya Sondu na kushika ile ya Kendu Bay. Upande mmoja una miinuko ya Nyabondo, upande wa pili ardhi inatandaa tambarare hadi Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Neno "pap" kwa Kijaluo maana yake ni uwanda, na ukifika hapo utaona hawakukosea waliopaita hivyo.

Nilikuwa sijaenda nyumbani karibu miaka miwili. Kisingizio kilikuwa kile kile unachokijua: kazi, karo, nauli. Basi likizo ya Agosti ilipofika tukakata shauri twende sote, mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka kumi na mmoja na kitinda mimba wa miaka sita. Juma moja kabla ya safari nikampigia simu kijana mmoja wa jirani.

"Nataka tukute boma la Mama ni safi," nikamwambia.

"Nifyeke kwa panga au nipulize dawa?" akauliza.

"Ipi ya haraka?"

"Dawa."

Nikamtumia pesa kwa simu papo hapo, nikajihisi mwana mwema kweli kweli.

Tulipofika, nyuma ya nyumba na kandokando ya ua wote wa mnyaa kulikuwa kumekauka, rangi ya majani ya chai. Nikajipongeza moyoni. Jioni Mama akatuandalia ugali, samaki na sukuma wiki ya kununua sokoni. Nikamtania, "Mama, siku hizi umeacha osuga?" Osuga ndio mnavu, mboga ambayo sikumbuki siku iliyokosa mezani petu nikiwa mdogo. Mama hakucheka. Akasema tu, "Kula kwanza, nyathina." Mtoto wangu, kula kwanza.

Kesho yake asubuhi akanishika mkono akanipeleka nyuma. Yapasa nikueleze kwamba Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, lakini rangi na sura za watu zimempotea. Alitembea akigusa ua kwa vidole, hatua kwa hatua, kama mtu ahesabuye shanga.

"Hapa palikuwa na osuga," akasema. "Hapa atipa. Hapa apoth, hii ya kuteleza. Pale kwenye jiwe ilikuwa ile niliyokuwa nikiwachemshia mkiumwa na tumbo."

Hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliyenieleza mambo yote ni mama jirani, tena baadaye, tukiwa kando. Siku ya pili baada ya dawa kupulizwa, Mama alitoka jioni kuchuma mboga kama kawaida yake. Majani yalikuwa hayajakauka bado, na hata kama yangekuwa yameanza kugeuka rangi, yeye asingeona. Alikwisha jaza karai. Jirani aliyekuja kuomba moto ndiye aliyenusa harufu ya dawa, akayamwaga yote na kumnawisha Mama mikono kwa sabuni.

Msomaji, nilihisi miguu ikiniisha nguvu. Kijana yule sikumlaumu, kwa maana hakuna aliyemwambia kuwa yale ni mboga ya mtu. Mimi ndiye niliyetoa pesa. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza, nami nilikuwa nimelipia giza hilo kwa fedha zangu mwenyewe.

Mwendo wa Mama

Jumamosi ile kulikuwa na maonyesho ya wakulima uwanjani Pap Onditi, yale ya mifugo, mbegu na vyakula, na baadaye muziki hadi machweo. Nikataka tuende kwa gari. Mama akakataa katakata.

"Gari lenu linakimbia mno," akasema. "Hawa watoto wataona nini?"

Basi tukaenda kwa miguu, kiasi cha kilomita tatu. Nilikadiria dakika arobaini, na njia ikatuchukua karibu saa mbili. Mama alimshika binti yangu mkono wa kushoto, wa kulia una fimbo, na kila baada ya hatua chache alisimama. Alikuwa akiulizia kinachoota.

"Una miba? Jani lake lina vidole vingapi? Nipe nilifikiche."

Binti anachuma jani moja, analiweka kiganjani mwa bibi yake. Mama analifikicha, analinusa, anataja jina. Hakubahatisha hata mara moja. Dek aliitambua kwa vidole vyake vitano na harufu yake kali. Hiyo ndiyo mgagani. Apoth, ambayo Waswahili huiita mlenda, aliitambua kwa utelezi. Awayo aliwapa watoto watafune kidogo, wakakunja nyuso kwa uchachu kisha wakaomba tena. Ogaka sikuhitaji kuambiwa. Ule ni mshubiri, na utotoni nilipakwa maji yake machungu kidoleni ili niache kukinyonya.

Jambo lililonifurahisha zaidi lilikuwa kati ya Mama na mke wangu. Mama watoto ni mzaliwa wa Mombasa, na Mama humwita "nyar Mombasa", yaani binti wa Mombasa, kama ilivyo desturi ya kwetu kumwita mke kwa jina la alikotoka. Kiswahili cha Mama ni cha sokoni, na Kijaluo cha mke wangu ni cha salamu. Miaka kumi na miwili wamekuwa wakiheshimiana na kunyamaza. Siku ile majani yaliwafungua vinywa.

Kitinda mimba alikuwa amejaa vijisindano vyeusi kwenye kaptura. "Nyanyiek mon," Mama akasema, na nilipomfasiria mke wangu kuwa maana yake ni kama kusema wivu wa wanawake, kwa jinsi ving'ang'aniavyo, akacheka mpaka akainama. "Kwetu ni kishona nguo!" akasema. Mbele kidogo tukafika chini ya mti mkubwa wenye vijani vidogo vidogo. "Chwa," Mama akasema baada ya kupapasa gome. Mke wangu akaokota ganda la kahawia, akalivunja, akapaza sauti: "Mkwaju! Mama, huu ni mkwaju!" Akamweleza juisi ya ukwaju ya mwezi wa Ramadhani, naye Mama akamweleza namna ya kuutia kwenye uji ili uwe na uchachu mzuri. Wakaenda hivyo wameshikana mikono, mmoja anataja, mwingine anajibu, na mimi mwenye diploma nikifuata nyuma kama mgeni.

Usidhani, lakini, kwamba kila kilichoota njiani ni mwenyeji. Maua yale makubwa ya njano yajazayo kando za barabara za Nyanza na Magharibi, ambayo kwetu huitwa maua makech, asili yake ni Mexico na nchi jirani zake. Ila yamekuwa mgeni mwenye faida: miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi katika eneo la Maseno walionyesha kuwa majani yake mabichi, yakikatwa na kuchanganywa na udongo, huupa mmea naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Kwa mkulima asiyeweza kununua mfuko wa mbolea hiyo si habari ndogo. Kwa upande mwingine gugu maji, lenye ua zuri la zambarau, nalo ni mgeni, la kutoka Amerika Kusini. Lilipoingia ziwani mwetu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuenea katika miaka ya 1990, liliziba gati na kuwanyima wavuvi njia. Uzuri wa ua haukuambii tabia yake. Lazima uulize.

Ombulu

Ilikuwa karibu tunafika nilipoona kitinda mimba amebaki nyuma, amechutama penye kichaka. Alikuwa ameona maganda makavu yaliyopasuka, na ndani yake mbegu nyekundu za kung'aa, kila moja na doa jeusi, nzuri kama ushanga wa dukani. Alitaka kumtengenezea dada yake bangili. Sindano hakuwa nayo, kwa hiyo akaweka mbegu moja katikati ya meno ili aitoboe.

"Ana nini huyo?" Mama akauliza, maana kimya cha mtoto hukitambua haraka.

Binti akamjibu, "Ni mbegu tu, Dani. Nyekundu, zina doa jeusi."

Fimbo ikamtoka Mama mkononi. "Ombulu! Ateme! Ateme sasa hivi!"

Mtoto akatema kwa woga. Tukaitazama ile mbegu kwenye kiganja cha mke wangu: nzima, haina ufa. Akasuuzwa kinywa, akanawishwa mikono, na tukakaa chini kando ya njia hadi moyo wangu uliporudi mahali pake.

Ombulu ndiyo mbegu ya mtipitipi. Waganga na mafundi wa mapambo wameitumia tangu zamani kwa shanga na vyombo vya kutikisa, nawe huenda umeiona kwenye mikufu ya kuuziwa watalii. Lakini ndani yake mna sumu kali iitwayo abrini. Mbegu ikimezwa nzima, ganda lake gumu mara nyingi huizuia sumu isitoke. Hatari ni ikitafunwa au ikitobolewa, kwani hapo hata moja yaweza kumtia mtoto mdogo katika hatari ya kufa. Tena madhara yake hayaji mara moja. Kutapika, kuharisha na maumivu ya tumbo vyaweza kuchukua saa nyingi kutokea. Kwa hiyo mzazi, ukishuku kuwa mtoto ametafuna mbegu hiyo, usingoje uone. Mpeleke hospitalini mara moja, na uchukue mbegu kadhaa ukamwonyeshe daktari.

Baadaye nilifikiri sana. Sisi wanne wenye macho mazima tulipita kichaka kile bila kushtuka. Aliyemwokoa mtoto ni yule asiyeona, kwa sababu alikuwa na jina la kitu kile.

Hamsini

Uwanja ulikuwa umefurika. Kulikuwa na mbuzi wa maziwa, kuku wa kienyeji waliotulia kwenye matenga, mchele wa Kano, mtama mwekundu, viazi vitamu vya kumshinda mtoto kubeba, vyungu vya udongo, omena waliokaushwa na kamba za katani. Watoto walikula mahindi ya kuchoma na kubembea hadi pesa zangu za chenji zikaisha.

Katika banda moja nikamkuta mama mwenye aproni ya kijani akiuza mbegu za mboga katika pakiti ndogo. Nikasoma: mnavu, mgagani, mlenda, mchicha, kunde. Nikauliza bei ya mnavu. Shilingi hamsini. Nikazitoa nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa maana, msomaji, juma mbili kabla ya hapo nilikuwa nimelipa mara nyingi zaidi ya hizo ili mmea huo huo uuawe kwenye boma la Mama, ambako ulikuwa ukiota bure.

Mama yule alinieleza kwamba siku hizi mboga hizi zinatafutwa sana mjini. Hilo si la kushangaza. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta amekuwa akizitafiti tangu miaka ya 1990, wakati wengi walipoziita chakula cha maskini na magugu ya shambani. Leo tunajua kuwa majani haya ya kijani kibichi yana madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A kwa wingi, na kwamba mengi huvumilia jua na udongo hafifu kuliko kabeji. Mabibi zetu walilijua hilo kwa kuonja tu.

Nyatiti

Jua lilipoanza kulegea, muziki ukaanza. Kwanza kwaya za shule, kisha vijana wa ohangla na ngoma zao ambazo kwa asili huwambwa ngozi ya kenge, huku orutu, fidla ile ya uzi mmoja, ikilia juu yake kama mtu anayesimulia habari za kwao. Kitinda mimba alicheza mpaka kiatu kikamvuka. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki tulichomkodishia, fimbo magotini, uso ameuinua.

Ndipo zamu zikabadilika. Njiani Mama ndiye aliyekuwa akiwasimulia watoto. Sasa binti ndiye aliyemsimulia yeye. "Dani, sasa amepanda mzee mmoja, ana kofia yenye manyoya. Amekaa kwenye kigoda kifupi. Ameshika kitu kama bakuli kubwa lenye mikono miwili na nyuzi."

"Nyatiti," Mama akasema kabla hata uzi haujaguswa. "Mguuni amefunga gara?"

"Ndiyo, njuga nyingi. Na kidole gumba kina pete ya chuma."

"Mguu wa kulia," Mama akasema. Na kweli ulikuwa wa kulia.

Nyatiti, kwa msomaji asiyeijua, ina nyuzi nane. Zamani zilikuwa za kano za ng'ombe, siku hizi ni nailoni kama ile ya wavuvi. Mpigaji huchapa nyuzi kwa vidole, pete ya mguuni hugonga mbao, njuga hulia na yeye mwenyewe huimba, yote hayo kwa mtu mmoja. Kabla ya kuanza, mzee yule aliwaambia watu kwamba tumbo la nyatiti yake alilichonga yeye mwenyewe kwa mti wa ng'owo, yaani mkuyu, na kwamba kuupata mti wa kutosha siku hizi imekuwa taabu, kwani mikuyu mikubwa imekatwa na kuchomwa makaa.

Binti akanigeukia. "Baba, kwa hiyo mti ukiisha, na wimbo utaisha?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikumbuka makorongo ya Katuk Odeyo, huko huko Nyakach, ambapo mvua imechimba ardhi iliyovuliwa miti na majani hadi ikawa mifereji mirefu ya kumeza ng'ombe. Kitu kikiondolewa, hakiondoki peke yake.

Akauliza tena kama msichana anaweza kupiga nyatiti. Nikamwambia kwamba kwa desturi ilikuwa ya wanaume, lakini miaka ya 2000 alikuja mwanamke kutoka Japani, Eriko Mukoyama, akajifunza kwa mabingwa huko Siaya hadi akajulikana kama mwanamke wa kwanza kuipiga jukwaani, akaitwa Anyango. Mama aliyekuwa akisikiliza akatikisa kichwa. "Alitoka mbali hivyo kuja kuuliza," akasema, "na nyinyi Nairobi ni hapa tu." Nikatazama viatu vyangu.

Mwishoni kijana mmoja akapiga wimbo wa Ayub Ogada, "Kothbiro", maana yake mvua yaja. Mke wangu anaujua, kwani ulitumika katika filamu ya "The Constant Gardener" ya mwaka 2005. Nilipomwambia kwamba Ogada, aliyefariki mwaka 2019, alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akamkumbatia Mama mkwe wake akisema, "Umeona, Mama? Huyu naye ni wa kwetu." Tukarudi usiku kwa bodaboda, Mama katikati ya wajukuu kwenye ile ya magurudumu matatu, wakihesabu majina.

Ushauri

Sasa, mpenzi msomaji, nini cha kubeba kutoka safari hii?

Kwanza, kabla ya kufyeka au kupuliza dawa kwenye boma la mzazi, muulize mwenye boma. Tembea naye akuonyeshe. Na kama ni lazima dawa itumike, kila mtu wa nyumbani aambiwe siku, mahali na muda wa kukaa mbali, hasa watoto na wazee wasioona vyema.

Pili, usile jani kwa kuona picha yake. Mimea mingi ya chakula ina ndugu zake wenye sumu, na hata mnavu wenyewe, matunda yake mabichi ya kijani si ya kuliwa. Jifunze kwa mtu anayeujua mmea huo, mkiwa mmeushika mkononi.

Tatu, andika. Binti yangu aliporudi shuleni alikuwa na daftari lenye majina ishirini na matatu, kwa Kijaluo upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili, kila moja na jani lililobanwa katikati ya karatasi. Wataalamu nao walianza hivyo hivyo, kwa kuwauliza wazee. Marehemu au hai, kila bibi ni maktaba. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikwisha kuchapisha kamusi ya majina ya mimea kwa Kijaluo tangu mwaka 1972, na kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976. Ukitaka mahali pa kuanzia baada ya bibi yako, tafuta vitabu kama hivyo.

Nne, na hili ni kwa watoto wenzangu wa mjini: mtoto wa jicho hutibika. Ni upasuaji mdogo, na wazee wengi hubaki gizani kwa sababu tu hakuna aliyewasindikiza. Mama alikuwa akisema, "Nimezoea." Nami nilikuwa nimelikubali neno hilo kwa sababu lilinipunguzia safari. Kabla hatujaondoka nilimpeleka akapimwe, na Novemba jicho la kwanza likapasuliwa.

Majuma mawili baadaye alinipigia simu. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha. Akaniambia kwamba osuga imeanza kuchomoza tena kando ya ua, na kwamba zile mbegu za shilingi hamsini nazo zimeota vizuri. Apoth pia ameiona. Ile ya tumbo, iliyokuwa kwenye jiwe, haijarudi.

"Huenda ikarudi," nikamwambia.

"Huenda," akajibu. "Ukija Desemba tutaitafuta kule ng'ambo ya mto, kwa miguu."

Tumekwisha kata tiketi. Nawe, msomaji, leo Jumapili ukimaliza gazeti hili, toka nje na mtoto wako, chumeni jani moja msilolijua, kisha mpigieni bibi simu. Tukutane hapa hapa Jumapili ijayo, inshallah.